Daraja limezeeka: tulitengeneze tena au tulibomoe?

Kuna dereva wa malori ameniandikia, nimefupisha kidogo: "Injinia, kwenye njia yangu kuna daraja la siku nyingi, juu zege, chini mihimili ya chuma. Kila baada ya miaka miwili mitatu wanakuja wanaziba ziba, tunapita upande mmoja, wanaondoka. Juzi wamelipaka rangi mpya, alafu mwezi haujaisha wakaweka kibao cha kupunguza tani. Sasa kama limechoka si walibomoe tu wajenge jipya? Hela za viraka vyote hivyo si zingekuwa zimeshajenga lingine? Na nyie mnajuaje kwamba sasa basi, hili halitengenezeki tena?"

Kaka, umri tuumalize kwanza maana watu wengi wanaanzia hapo. Brooklyn Bridge kule New York lilifunguliwa 1883 na magari yanapita mpaka leo. Daraja la Carola mjini Dresden, Ujerumani, lilikamilika 1971, na usiku wa tarehe 11 Septemba 2024 sehemu yake moja ikadondoka mtoni, miaka 53 tu. Kwa hiyo mtu akikwambia daraja lina miaka 60 kwa hiyo libomolewe, mwulize limejengwaje, limekuwa likibeba nini na maji yake yanapita wapi. Ndio, kwenye usanifu kuna namba, Marekani wanahesabu miaka 75, Ulaya kwa kawaida 100, Waingereza walikuwa wanaandika 120, lakini hizo ni namba za mezani, zinamsaidia anayechora aamue zege lifunike nondo kwa unene gani na chuma kivumilie mizigo mara ngapi. Siku daraja linapotimiza miaka hiyo hakuna kinachotokea.

Mimi swali langu la kwanza ni kipande gani kimechoka. Maana daraja lina vipande ambavyo tangu siku ya kwanza vilijulikana vitakwisha, na vipande ambavyo vikiisha daraja ndo limeisha. Wewe ni dereva utanielewa: lami ya juu, jointi, beringi zile zinazokaliwa na mihimili, hata slabu yenyewe unayopitia, hizo ni tairi na brekipedi, unabadilisha na safari inaendelea na hakuna anayeuza lori kwa sababu tairi limeisha. Mihimili, nguzo na msingi ndo chesis. Sasa shida ni kwamba mtu aliyeko juu ya daraja anaona tairi tu. Mashimo, kelele za jointi, ukingo uliobomoka. Daraja linaweza kuonekana bovu kabisa kwa juu na chini liko imara, na lingine juu lami mpya inang'aa wakati chini kuna jambo ambalo ningekuwa mimi ningelifunga leo hii hii.

Ngoja nikushushe chini tuangalie. Ukienda na tochi na nyundo mpaka pale mwisho wa mhimili, mahali unapokalia nguzo, juu yake kuna jointi, lile pengo linaloachwa ili daraja litanuke na kunywea na joto. Mpira wa jointi ukichanika maji yote ya barabarani yanashuka hapo, na mchanga, na chumvi kama ni karibu na bahari au ni nchi za baridi wanakomwaga chumvi kuyeyusha barafu. Utakuta rundo la mchanga mbichi limekaa juu ya nguzo, beringi imezama ndani yake haionekani, na chuma cha mhimili kimevimba kutu inayobanduka mapande mapande, ukigonga inadondoka, ukisafisha ukapima na kipimo cha unene tuseme kilikuwa milimita 12 unakuta zimebaki 7. Alafu unasogea mita mbili tatu kuelekea katikati ya daraja, rangi ya zamani bado ipo, chuma kizima kabisa. Hapo nakwambia bila kusita daraja hilo ni la kutengeneza. Linainuliwa na jeki, beringi zinabadilishwa, miisho ya mihimili inaongezewa mabamba kwa bolti, na kitu muhimu kuliko vyote jointi inaondolewa au inapunguzwa, slabu inaunganishwa ipite juu ya nguzo bila pengo ili maji yasipate tena njia. Ukifanya yote hayo ukaacha jointi inavuja umepoteza hela, baada ya miaka kadhaa mtarudi pale pale. Na hapa ndo nashuku daraja lako linapofelia, kwamba wanaziba kinachoonekana na kinachosababisha wanakiacha.

Watu wanadharau maji. Pale Pittsburgh Marekani kulikuwa na daraja la Fern Hollow, la chuma cha aina ile ambayo haipakwi rangi, inatengeneza kutu nyembamba ya juu inayojilinda yenyewe, ila chuma hicho kina sharti moja, kikauke. Mifereji ya kutolea maji ikaziba, maji na uchafu vikawa vinakaa kwenye miguu ya daraja, kutu ikala mpaka ikatoboa. Daraja lilikuwa limewekwa kwenye kundi la hali mbaya tangu 2011, ripoti za ukaguzi zinaandika fanyeni hiki fanyeni kile, na tarehe 28 Januari 2022 likaanguka na basi likiwa juu yake. Bahati kubwa hakuna aliyekufa. Kwa hiyo ukaguzi ulikuwepo, kilichokosekana ni mtu wa kufanya yaliyoandikwa. Mambo yenyewe mengine yalikuwa ya koleo na fagio.

Zege nalo lina mambo yake. Nondo ndani ya zege zima haipati kutu kwa sababu zege jipya ni alkali kali, pH yake iko kama 12 na nusu mpaka 13, na hali hiyo inaipa nondo ngozi nyembamba ya kuilinda. Ngozi hiyo inaharibiwa na vitu viwili. Kimoja ni hewa ya kaboni dayoksidi inayopenya polepole miaka na miaka inashusha ile alkali mpaka chini ya 9, kingine ni chumvi, ambayo hata alkali ikiwepo inatoboa ngozi ile. Nondo ikishaanza kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, mara mbili mpaka mara sita, kwa hiyo zege linapasuliwa kutoka ndani, linabanduka, unaona nondo nje.

Kujua limefika wapi tunatoboa kipande, tunapulizia kemikali inaitwa fenolftalini pale palipokatwa, palipo pazima panageuka rangi ya waridi iliyokolea, palipokufa panabaki kijivu, unachukua rula unapima ile kijivu imeingia milimita ngapi na nondo ipo milimita ngapi. Kama kijivu imeingia milimita 15 na nondo iko 40, una muda mrefu wa kufanya mambo kwa nafuu. Kama imeshaipita nondo, hesabu ni nyingine. Kwa chumvi tunakusanya vumbi la drili kila sentimita moja kwenda ndani, kila kina na mfuko wake, maabara inatuambia chumvi imefika wapi na ni nyingi kiasi gani. Alafu kuna kugonga tu na nyundo daraja zima, palipoachana ndani panatoa sauti ya utupu, unachora na chaki. Ni kazi ya kuchosha shingo lakini ramani ile ya chaki inakwambia kama ni asilimia 5 ya eneo au asilimia 40, na hizo mbili ni maamuzi tofauti kabisa.

Sasa viraka. Hapa kuna jambo hata mafundi wengi hawalijui. Ukibomoa zege lililobanduka ukasafisha nondo ukajaza zege jipya safi, na pembeni ukaacha zege la zamani lililojaa chumvi kwa sababu bado halijapasuka, unakuwa umeanzisha tatizo pembeni ya kiraka. Kabla ya hapo ile nondo iliyokuwa inaoza ilikuwa kama inajitoa kafara, umeme mdogo wa kutu ulikuwa unawalinda jirani zake. Umeiponya, sasa jirani ndo anaanza kuoza, tena kwa kasi. Miaka michache tu unaona duara la nyufa kuzunguka kiraka. Ndo maana daraja lako linazibwa leo hapa kesho pale pembeni, haina maana lazima fundi aliiba saruji (ingawa hilo nalo hutokea). Dawa ipo, unafunga vipande vya zinki kwenye nondo ndani ya kiraka ili zinki ndo iliwe badala ya nondo, au kama eneo ni kubwa unaweka mfumo wa umeme mdogo unaolinda nondo zote, au unabomoa zege lote lenye chumvi hata kama bado linaonekana zima. Hiyo ya mwisho ni ghali na inahitaji daraja lishikiliwe wakati wa kazi, na ukifika hapo kwenye nguzo na mihimili, unaanza kulitazama daraja jipya kwa jicho tofauti.

Chuma kina uchovu pia, na hapa kaka nakuhusisha wewe. Kila lori likipita chuma kinavutika kidogo na kurudi, mara milioni na milioni, na sehemu yenye kona kali au weldingi mbaya inaanza ufa. Madhara hayaongezeki sawasawa na mzigo, yanakwenda karibu na mzigo kwa kipeo cha tatu. Yaani mzigo ukizidi kwa asilimia 20, kila safari inaumiza kama asilimia 73 zaidi. Madereva wanaopita pembeni ya mizani wanajiona wameiba tani mbili tatu, kumbe wamekopa miaka ya daraja. Ufa mmoja mmoja unatengenezeka, unatoboa tundu mwisho wa ufa usiendelee, unafunga mabamba kwa bolti. Lakini nyufa zikianza kutokea sehemu ile ile kwenye kila mhimili, huyo sio mgonjwa wa ajali, ni usanifu wenyewe umefika mwisho, leo umeziba kumi mwakani zinakuja ishirini, na mimi hapo huwa nashauri watu waache kuhesabu nyufa waanze kuhesabu hela za jipya.

Kuna swali ambalo mimi nalipa uzito kuliko hali ya kutu: kipande kimoja kikikatika, nini kinafuata? Daraja lenye mihimili sita sambamba, mmoja ukipata ufa mkubwa, wengine wanabeba, daraja linalegea, mtu anaona, linafungwa. Kuna madaraja mengine hayana wa kusaidiana. Silver Bridge pale Point Pleasant, Marekani, lilifunguliwa 1928, lilining'inizwa kwenye minyororo ya vyuma bapa, kila kiungo vyuma viwili tu. Tarehe 15 Desemba 1967 chuma kimoja kikakatika kwenye ufa wa kina kama milimita 2 na nusu, mahali ambapo usingeweza kupaona bila kulifungua daraja, na daraja zima likaanguka jioni ya foleni, watu 46 wakafa. Baada ya hapo ndo Marekani wakaweka sheria ya ukaguzi wa madaraja nchi nzima. Sasa daraja la namna hiyo hata kama ripoti inasema hali ya wastani, mimi uvumilivu wangu kwake ni mdogo.

Na wabaya zaidi ni wale wanaoficha. Kuna madaraja ya zege yanayobebwa na nyaya za chuma kigumu zilizovutwa ndani yake, nyaya zikipata kutu hazivimbishi zege kama nondo, zinakatika kimya kimya. Kule Wales mwaka 1985 daraja la Ynys-y-Gwas lilidondoka bila hata gari moja juu yake, nyaya zilikuwa zimeoza kwenye maungio ya vipande, na nje halikutoa dalili ya kumshtua mtu. Lile la Genoa, Italia, lililoua watu 43 tarehe 14 Agosti 2018, kebo zake zilikuwa zimevikwa zege, kwa hiyo hakuna mkaguzi aliyeweza kuziangalia kwa macho. Mnara mmoja wa pembeni kebo zake ziliimarishwa miaka ya 90 mwanzoni, ulioanguka ni mwingine, na mpango wa kuziimarisha zake ulikuwa tayari uko kwenye makaratasi. Hata Dresden, sehemu iliyodondoka ndo ilikuwa bado zamu yake, ukarabati wake ulipangwa 2025. Kwa hiyo swali la kutengeneza au kujenga upya linategemea pia kama unaweza kuona. Kitu usichoweza kukikagua huwezi kukipa miaka, na hilo peke yake linaweza kuwa sababu ya kubomoa daraja ambalo kwa macho halina kosa.

Maji ya mtoni sitakaa nayo sana ila usiyasahau, maana mafuriko kuchimba chini ya nguzo ndo yanaongoza kuangusha madaraja Marekani. Schoharie Creek, New York, tarehe 5 Aprili 1987, zege na chuma vya juu havikuwa na shida, mto ulichimba udongo chini ya msingi mfupi, nguzo ikaenda, watu 10 wakafa. Msingi mfupi kwenye mto unaohamahama unaweza kuuwekea mawe makubwa na kuufuatilia kila baada ya mafuriko, lakini kuchimba nguzo mpya chini ya daraja lililopo ni kazi ngumu na ghali kiasi kwamba mara nyingi ndo inayoamua.

Alafu kuna daraja zima ambalo halifai. Lina njia mbili nyembamba wakati barabara imekuwa ya njia nne, au liko chini mno mafuriko yanalipita juu, au lilichorwa kwa malori mepesi ya enzi zile. Ukilitengeneza likawa kama jipya unakuwa na daraja jipya la mwaka ule. Unaweza kuliongezea nguvu, kuna vitambaa vya kaboni vinavyobandikwa chini ya mihimili kwa gundi, kuna kebo zinazofungwa nje ya zege na kuvutwa zikaze, zinafanya kazi vizuri kwa zege lililo zima. Upana na urefu kwenda juu huwezi kuubandika. Na uwe mwangalifu na unachoongeza, lile la I-35W la Minneapolis lililofunguliwa 1967 na kuanguka tarehe 1 Agosti 2007 likaua watu 13, mabamba ya kuunganishia yalikuwa nusu ya unene uliotakiwa tangu siku ya kuchorwa, likavumilia miaka 40, lakini katikati hapo lilikuwa limeongezewa tabaka la zege juu, baadaye kuta za pembeni nzito zaidi, na siku yenyewe walikuwa wanatengeneza barabara, wamepanga mchanga, kokoto na mitambo juu yake. Ukarabati nao ni mzigo. Kila anayetaka kuongeza lami juu ya lami bila kukwangua ya zamani namkumbusha hilo.

Haya, hela. Uliuliza viraka vyote si vingekuwa vimeshajenga jipya. Inawezekana, ila hesabu haifanywi kwa kujumlisha tu, kwa sababu hela ya miaka 20 ijayo sio sawa na hela ya leo. Chukua daraja jipya ni 100, hela yoyote ile, na ukarabati mzuri ni 30. Kwa riba ya asilimia 4, ukikarabati ukapata miaka 20 kabla ya kujenga, ile 100 ya baadaye leo ina thamani ya kama 46 (yaani ukiweka 46 leo, kwa riba hiyo inakua mpaka 100), jumla na 30 ni 76. Umeshinda, karabati. Lakini kama ukarabati ule ule wa 30 unakupa miaka 8 tu, ile 100 leo ni 73, jumla 103, umepoteza, bora ungejenga. Mpaka wa kushinda na kushindwa hapo ni kama miaka 9. Riba ikipanda ikawa asilimia 8, hata ule wa miaka 8 unashinda, 84 dhidi ya 100, ndo maana serikali isiyo na hela au inayokopa kwa bei mbaya inakarabati zaidi na sio lazima wawe wajinga. Kwa hiyo unaona kila kitu kimebebwa na namba moja, ukarabati huu unanunua miaka mingapi kweli, na hiyo ndo namba ambayo watu wanaidanganyia. Anayetaka ukarabati anaandika 25, anayetaka tenda ya jipya anaandika 5. Mimi nikiona miaka imeandikwa bila ramani ya chaki, bila vipimo vya chumvi, bila unene wa chuma uliopimwa, siisomi hiyo ripoti mpaka mwisho. Kuna kanuni ya mkono pia, ukarabati ukikaribia theluthi mbili ya bei ya jipya wengi tunaacha, kwa sababu ukishafungua daraja la zamani huwa unakuta zaidi ya ulichoandika. Washington Bridge la Providence, Marekani, lilikuwa kwenye ukarabati tayari, Desemba 2023 wakakuta vyuma vya kushikilia daraja chini vimekatika, wakafunga upande mmoja wakisema ni miezi mitatu, wakaendelea kufungua na kupima, Machi 2024 uamuzi ukawa kubomoa.

Na kwenye hesabu hiyo lazima uingie wewe. Foleni, mafuta ya kuzunguka, mzigo uliochelewa, ambulensi. Kwenye barabara kuu yenye magari mengi gharama ya wanaozunguka inaweza kupita gharama ya ujenzi wenyewe, na hii inavuta pande zote mbili. Inakataza kufunga daraja mara kwa mara kwa viraka vidogo vidogo, na inakataza pia kusubiri mpaka lifungwe ghafla. Ujerumani daraja la Rahmede kwenye barabara kuu ya A45, karibu na Lüdenscheid, lilijulikana kwamba litahitaji kujengwa upya, Desemba 2021 likakutwa limepinda likafungwa hapo hapo, malori yote yakamwagwa kwenye mitaa ya mji, na Mei 2023 ndo likalipuliwa kupisha jipya. Bei ya kuchelewa waliilipa wakazi na wasafirishaji, wala haipo kwenye mkataba wowote wa ujenzi.

Usidhani pia majibu ni mawili tu. Forth Road Bridge la Scotland, la 1964, walipofungua kebo kuu mwaka 2004 wakakuta nyaya zina kutu, nguvu imepungua kwa makadirio ya asilimia 8 mpaka 10, wakaweka mitambo ya kupuliza hewa kavu ndani ya kebo kutu isiendelee, na pembeni wakajenga lingine, Queensferry Crossing, lililofunguliwa 2017. La zamani likabaki kwa mabasi, baiskeli na waenda kwa miguu. Kuna na njia nyingine ambayo wananchi huwa wanaitafsiri vibaya, daraja limeshapangiwa kujengwa upya baada ya miaka mitano tuseme, hapo ni sahihi kabisa kuacha kulipendezesha, unalipunguzia mzigo, unalikagua mara nyingi zaidi, unatengeneza kile tu kinacholinda usalama. Ila mpango huo uwe na tarehe na hela yake imetengwa. Bila hivyo ni kulitelekeza tu kwa lugha ya kiinjinia.

Sasa rangi na kibao. Rangi kwenye mihimili ya chuma ni kinga, kama walisafisha kutu mpaka chuma cheupe kabla ya kupaka basi walinunua miaka, kama walipaka juu ya kutu walinunua picha. Na kibao kuja baada ya rangi inaleta maana, nadhani walipokwangua ndo wakapima unene uliobaki wakarudia hesabu. Hesabu yenyewe ni hivi, unachukua nguvu ya mhimili kama ulivyo leo, unatoa uzito wa daraja lenyewe, kinachobaki unakigawa kwa uzito wa lori la kipimo pamoja na mtikisiko wake, ikija chini ya 1 unashusha tani. Tani zilizoandikwa haina maana ukizidisha moja linaanguka, kuna akiba, ila akiba hiyo imewekwa kwa ajili ya kutu isiyoonekana na zege lililomwagwa vibaya zamani hizo, sio kwa ajili ya mzigo wako. Wanaweza pia kulijaribu kwa malori yaliyopimwa, wanayapanga juu wanasoma daraja linashuka milimita ngapi, na madaraja mengi ya zamani yanaonyesha nguvu kuliko hesabu ya karatasi, kwa hiyo kibao kinaweza hata kulegezwa. Omba mfanyiwe hivyo kabla hamjadai libomolewe. Mkipata nafasi ya kuuliza kwenye mkutano wa barabara, uliza jointi zimebadilishwa au zimezibwa, chumvi imefika kina gani, msingi umekaguliwa lini chini ya maji, na baada ya ukarabati huu inatarajiwa miaka mingapi na nani amesaini hiyo namba.

Na wewe unayepita kila siku unaona vitu ambavyo mkaguzi anayekuja mara moja baada ya miaka miwili haoni. Jointi iliyokuwa inalia namna moja ikabadilika sauti, ngazi mpya ya kushuka unapoingia, mstari wa ukingo uliokuwa umenyooka sasa una kona, pengo limejibana upande mmoja na kufunguka upande mwingine, nguzo ambayo baada ya mafuriko maji yanazungukia tofauti. Ukiona kimojawapo paki mbali, piga picha na kitu cha kuonyesha ukubwa, andika saa na ni nguzo ya ngapi kutoka upande upi, tuma kwa ofisi inayomiliki barabara, na wiki ijayo piga nyingine ukiwa umesimama pale pale.